Siku moja Venice kutoka Milano: ziara ya basi, au treni na mwongozaji wenu wenyewe?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa. Mwezi Mei atakuwa Milano kwa mkutano wa kikazi, na ataandamana na mama yake mwenye umri wa miaka 67, ambaye goti humsumbua akipanda ngazi. Siku yao huru ni Jumamosi moja tu. Wakala amewapendekezea ziara ya siku nzima ya Venice kwa basi, yenye mwongozaji, kituo cha kutazama wafua vioo, na "muda huru" wa alasiri. Anauliza kama ziara hiyo inafaa, kama goti la mama litastahimili, na kama wao, wakiwa Waislamu, watapata chakula na kupokelewa vyema katika majengo ya kanisa.

Dada yangu, tafuteni mwongozaji, lakini msinunue basi. Hivi ni vitu viwili tofauti, ingawa mawakala wengi huviuza vikiwa vimefungwa pamoja, na mteja hulipa akidhani kwamba akikataa kimoja amekikosa na kingine. Mwongozaji mwenye ujuzi atayafanya majengo yale yazungumze nanyi. Basi halitawapa kitu ambacho treni haiwezi kuwapa, na litawanyang'anya saa ambazo hamna za kupoteza.

Kutoka Milano hadi Venice ni kilomita zipatazo 270. Treni ya mwendo kasi kutoka kituo cha Milano Centrale hufika kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na hukushusha ukingoni mwa Mfereji Mkuu wenyewe, ukitoka mlangoni tu unaona maji. Basi huhitaji saa tatu na nusu au zaidi, kwa kuwa husimama njiani na barabara hiyo ina msongamano. Tena basi haliingii mjini, bali huishia pembezoni, mara nyingi Tronchetto, kisiwa cha maegesho, ambako kundi husubiri boti. Jumlisha kwenda na kurudi, na utaona kwamba karibu nusu ya siku ya mama itapita akiwa amekunja goti kwenye kiti cha basi, jambo ambalo kwa goti bovu ni baya kuliko kutembea. Kwenye treni anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kwenda msalani wakati wowote.

Mkinunua tiketi za treni, angalieni jina la kituo cha mwisho. Kuna vituo viwili vikuu vyenye jina la Venezia, yaani Venice kwa Kiitaliano: Venezia Mestre, kilichoko bara, na Venezia Santa Lucia, kilichoko kisiwani. Treni husimama Mestre kwanza, na wageni wengi hushuka hapo wakiona neno Venezia limeandikwa ukutani. Ninyi kaeni mpaka Santa Lucia. Kati ya vituo hivyo mtavuka lagoni, yaani maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji, juu ya daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya hapo mji huu ulifikiwa kwa chombo cha majini tu.

Sasa juu ya mwongozaji. Nchini Italia kazi ya kuongoza watalii ni taaluma yenye leseni, na sheria ya mwaka 2023 imeiwekea mtihani na orodha ya kitaifa. Anayesafiri nanyi kwenye basi kutoka Milano kwa kawaida ni msindikizaji. Huhesabu watu, hutunza muda na kutoa maelekezo, lakini maelezo ndani ya majengo ya kihistoria ni kazi ya mwenye leseni. Kwa hiyo mwulize wakala maswali manne, na uombe majibu ya maandishi. Tutakuwa ndani ya Venice kwa saa ngapi, bila kuhesabu safari? Mwongozaji mwenye leseni atakuwa nasi kwa muda gani? Je, ataingia nasi ndani ya Kasri la Doge, yaani mtawala mkuu wa zamani, na Basilika ya Mtakatifu Marko, kanisa kuu la mji, au ataeleza tukiwa nje? Na tiketi za kuingilia zimo katika bei? Ziara nyingi zilizoandikwa kuwa ni za "kutazama mandhari" huwa ni za nje tupu: kundi husimama uwanjani kwa dakika chache, mwongozaji hunyoosha kidole, kisha watu huambiwa wakutane tena jioni penye mnara.

Kuhusu kituo cha vioo, msimamo wangu ni mkali. Vioo vya Venice vina historia nzito. Mwaka 1291 serikali ya mji iliamuru tanuri za vioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto katika mji uliojaa nyumba za mbao. Nasi watu wa pwani tunahusika na historia hiyo moja kwa moja, kwa sababu ushanga wa Venice ulifika Zanzibar kwa meli na ukabebwa na misafara ya karne ya 19 hadi kwenye maziwa makuu. Ushanga mwekundu ulioitwa samisami ulikuwa fedha ya njiani, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa huko. Lakini kituo kilichomo katika ziara ya siku moja hakitawaeleza hayo. Ni onyesho la dakika chache la mtu anayepuliza kioo na kuunda farasi, kisha mlango wa duka unafunguliwa na wauzaji wanawasubiri. Saa nzima huishia hapo. Jihadharini pia na watu wanaowapa wageni boti ya "bure" kwenda Murano, kwa kuwa gharama ya boti hiyo hutafutwa dukani. Mkitaka kuijua kazi hiyo kwa heshima inayostahili, Murano ina jumba la makumbusho la vioo, nalo linahitaji siku nyingine. Mkitaka kununua kidani kidogo cha mama, tafuteni duka lenye nembo ya Vetro Artistico Murano, kwa sababu vingi vinavyouzwa vibandani vimetoka mbali.

Ratiba ninayoipendekeza inakwenda kinyume na ya makundi. Makundi yote huingia Uwanja wa Mtakatifu Marko kati ya asubuhi na saa tisa alasiri, kisha hurudishwa kwenye mabasi na meli. Ninyi anzieni upande wa stesheni, mpumzike mchana, na mfike uwanjani alasiri.

Mkifika mnamo saa nne asubuhi, geukeni kushoto mtokapo stesheni mwingie mtaa wa Cannaregio. Kwa mwendo wa pole wa dakika kumi hivi, mkivuka daraja moja la ngazi liitwalo Guglie, mtafika Ghetto, mahali ambapo mwaka 1516 Jamhuri ya Venice iliwaamuru Wayahudi wote wakae. Malango yalifungwa usiku, na walinzi walilipwa kwa fedha za hao hao waliofungiwa. Kwenye njia nyembamba ya kuingilia kutoka ukingo wa mfereji, tazameni miimo ya mawe pande zote mbili: alama za bawaba za lango lile bado zimo, mashimo yaliyochimbwa katika jiwe. Malango yenyewe yaling'olewa mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yalipoimaliza Jamhuri. Ndani zaidi, ng'ambo ya kijidaraja cha pili, nyumba ni ndefu kuliko zote za jirani, nyingine zina ghorofa saba, na dari zake ni za chini mno. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezwa, basi wakajenga kwenda juu. Jumamosi ni Sabato, hivyo makumbusho na masinagogi yatakuwa yamefungwa, lakini uwanja na njia zake ni wazi kwa yeyote. Mama akichoka, kuna viti vya kukaa uwanjani.

Chakula cha mchana kuleni huku huku Cannaregio, ambako bei ni za wenyeji kidogo kuliko kule San Marco, penye Uwanja wa Mtakatifu Marko. Kwa Mwislamu, mji huu una nafuu kubwa, kwa kuwa jiko lake ni la samaki. Ombeni sarde in saor, yaani sadini waliokaangwa kisha wakalazwa katika vitunguu, siki na zabibu kavu. Mtu wa Mombasa hatahitaji kufundishwa ladha ya tamu na chachu pamoja. Kuna pia bigoli in salsa, tambi nene zenye vitunguu vilivyoyeyuka na samaki wadogo wa chumvi. Tahadhari mbili tu. Mvinyo huingia jikoni bila kutajwa, hasa katika wali wa risotto na mchuzi wa kome, na vitafunio vidogo vya kaunta mara nyingi hubeba vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Ulizeni waziwazi, "senza vino, senza maiale?", yaani bila mvinyo, bila nguruwe, ni swali la kawaida, na mhudumu hachukizwi nalo. Mkiona katika hesabu malipo madogo yaitwayo coperto, hayo ni ya kiti na mkate, ni halali. Kahawa ikinywewa mmesimama kaunta huwa na bei ndogo sana kuliko mkiketi, na kwenye mikahawa ya Uwanja wa Mtakatifu Marko hulipwa hata muziki. Kuhusu sala, msitegemee kukuta msikiti katika mji wa zamani. Kama mnaifuata ruhusa ya msafiri ya kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, ipangeni mapema katika siku yenu.

Baada ya chakula rudini stesheni mkapande vaporetto, yaani boti ya abiria ya mji, mstari namba 1. Huu ndio uamuzi utakaolinda goti. Venice ina madaraja zaidi ya 400, na karibu yote ni ya ngazi. Kutembea kutoka stesheni hadi San Marco ni mwendo unaozidi nusu saa, wa kupanda na kushuka madaraja pamoja na umati wa watu. Boti huifanya safari hiyo kwa dakika 40 na zaidi, mama akiwa ameketi, na kuingia kwake hakuna ngazi. Tiketi ya dakika 75 imekuwa euro 9.50, na ya saa 24 euro 25. Kwa kuwa mtakwenda na kurudi, mara mbili za tiketi moja moja zitawatosha, ila mkipanga safari ya tatu nunueni ya siku nzima. Igusisheni tiketi kwenye mashine kila mnapopanda, kwa kuwa asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama tiketi anayo mkononi.

Mkiwa ndani ya boti, tazameni mkono wa kulia katika robo ya kwanza ya safari. Mtaona jumba jeupe refu lenye safu mbili za matao na vilele kama vya ngome. Hilo ni Fondaco dei Turchi. Kuanzia mwaka 1621 hadi 1838 wafanyabiashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya walipangishwa humo pamoja na bidhaa zao, wakiwa na mahali pa kusalia na hamamu yao, na milango ikifungwa usiku. Leo ni makumbusho ya viumbe. Waongozaji wa mabasi hawalitaji kwa sababu haliko kwenye njia yao, nami naona ni hasara kubwa kwa msafiri wa pwani yetu, kwa kuwa hapo ndipo unapofahamu kwamba Venice iliishi kwa biashara na ulimwengu wa Kiislamu hata katika karne ilizopigana nao. Mbele kidogo, kushoto, ni jumba la Ca' d'Oro la karne ya 15, kisha mtapita chini ya daraja la Rialto lililokamilika mwaka 1591.

Shukeni kituo cha San Marco Vallaresso, si San Zaccaria, ingawa wengi watawaelekeza San Zaccaria. Kutoka Vallaresso hadi uwanjani hakuna daraja hata moja, na jirani kabisa na kituo iko bustani ya Giardini Reali yenye viti na vivuli. Ikumbukeni bustani hiyo, kwa sababu uwanjani penyewe ni marufuku kukaa chini au kwenye ngazi na kula, na faini hutozwa kweli. Kutaneni na mwongozaji mnamo saa nane na nusu. Tangu mwaka 2024 mji umeweka kikomo cha watu 25 kwa kundi na kupiga marufuku vipaza sauti, lakini mimi ningetafuta kundi la watu kumi au pungufu. Mwongozaji wa peke yenu hutoza kwa saa wala si kwa kichwa, hivyo mkipata mwenzenu wa mkutanoni wa kugawana gharama, bei hushuka haraka. Mwambieni mapema habari ya goti.

Anzeni na Basilika, kwa sababu wageni huacha kuingizwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Sharti la mavazi ni mabega na magoti kufunikwa, kwa hiyo gauni refu na mtandio wenu ni mavazi ya heshima kabisa hapo. Mikoba mikubwa ya mgongoni hairuhusiwi. Kabla ya kuingia, mwombeni mwongozaji awasimamishe mbele ya mlango wa kulia kabisa na kuwaonyesha picha ya vijiwe iliyo juu yake. Inasimulia jinsi wafanyabiashara wawili wa Venice walivyoutorosha mwili wa Mtakatifu Marko kutoka Alexandria mwaka 828. Kwa mapokeo ya mji, waliufunika kwa nyama ya nguruwe ili maafisa wa forodha Waislamu wasiupekue, na katika picha mnawaona maafisa wenye vilemba wakigeuza nyuso. Mtaitazama kwa jicho lenu, nanyi mna haki ya kumwuliza mwongozaji Waveneti walijionaje walipoichora. Ndani, dari yote imefunikwa kwa mozaiki za vijiwe vya kioo chenye dhahabu, zaidi ya mita za mraba 8,000. Vijiwe havikulazwa sawasawa, ili mwanga uvunjike, na ndiyo maana dhahabu ile huonekana kutembea unapotembea. Ghorofani wako farasi wanne wa shaba walioporwa Constantinople mwaka 1204. Ngazi za huko ni kali mno kwa mama, naye hatapungukiwa sana, kwa sababu nakala zao zimesimama juu ya lango la mbele na huonekana vizuri kutoka uwanjani.

Kisha Kasri la Doge, mtawala mkuu wa Jamhuri. Humu ndimo mwongozaji anapostahili malipo yake yote. Bila yeye mtaona vyumba vikubwa vyenye michoro mingi na mtachoka. Naye atawaonyesha kitundu ukutani, chenye uso wa kutisha uliochongwa katika jiwe, ambamo raia alitumbukiza barua ya kumshtaki mwenzake kwa siri. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kisanduku chenye kufuli mbele ya maafisa. Katika Ukumbi wa Baraza Kuu, wenye urefu wa mita 53, inueni macho hadi ukanda wa picha za madoge unaozunguka chini ya dari. Ni sura 76 zimepangwa mbili mbili, na mahali pamoja hakuna sura, pana kitambaa cheusi kilichochorwa. Ni nafasi ya Marin Falier, aliyekatwa kichwa mwaka 1355 kwa kula njama ya kujifanya mtawala asiye na mipaka. Jamhuri haikumfuta, iliona bora kila doge aliyemfuata akae katika ukumbi ule akiitazama nafasi hiyo. Jengo lina lifti kwa wasioweza ngazi, na wafanyakazi huiendesha ukiomba. Njia ya kupita Daraja la Majonzi kuelekea magereza ni nyembamba na ina ngazi nyingi, basi mama asubiri upande wa juu huku nawe ukizunguka. Wenye umri wa zaidi ya miaka 65 hupunguziwa bei ya tiketi. Abebe pasipoti yake.

Gondola si lazima. Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, kwa chombo kizima. Mkiitaka, pandeni penye kituo rasmi na mkubaliane kabla ya kukaa. Lakini boti ya mstari namba 1 wakati wa kurudi jioni, ikiwa nusu tupu, itawapa sehemu kubwa ya raha hiyo.

Liko jambo la ada ya kuingia mjini ambalo huenda wakala hakulitaja. Tangu mwaka 2024 Venice huwatoza wageni wa siku moja katika siku maalumu za majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, na Jumamosi za Mei zimekuwa miongoni mwake. Ada huhusu saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa siku nne au zaidi kabla, na euro 10 kwa aliyechelewa. Lipeni katika tovuti rasmi ya mji, ambako pia mtaiona kalenda ya mwaka wenu, kisha mhifadhi msimbo wa QR kwenye simu, kwa kuwa wakaguzi husimama mlangoni mwa stesheni.

Fuateni utaratibu huu wa kununua. Kwanza mwongozaji, kwa kuwa wazuri huisha mapema katika mwezi wa Mei, naye ndiye atakayewaambia saa ya tiketi za Basilika na Kasri. Pili treni, ambazo bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ya kurudi iwe ya mnamo saa moja na nusu usiku, wala msichague treni ya mwisho kabisa, ili boti ikichelewa mbakiwe na nyingine nyuma yake. Tatu ada ya mji. Na jioni ya Ijumaa tazameni katika tovuti ya kampuni ya treni kama kuna mgomo uliotangazwa, kwa maana Italia migomo ya usafiri hutangazwa siku kadhaa kabla, pamoja na orodha ya treni zitakazotembea hata hivyo.